Aliyeitwa Saa Sita Mchana



Wiki hii tunapenda kutafakari juu ya watu ambao majina yao husomwa kwenye kikaratasi. Katika majumba ya maigizo ya Broadway, jijini New York, kila mtazamaji anapoingia hupewa kijitabu chenye majina ya waigizaji wote. Kuna siku ambapo kikaratasi chembamba hudondoka kutoka ndani ya kijitabu hicho, kikisema kwamba leo nafasi ya fulani itachezwa na fulani mwingine. Pengine husikika pia sauti ikitangaza jambo lile lile kabla taa hazijazimwa. Na mara nyingi ukumbi huguna.

Ni mguno huo tunaotaka kuusemea. Wanaoguna si watu wabaya. Wengi wao wametoka mbali, wamelipa tiketi kwa fedha nyingi, na wamekuja kumwona mtu mmoja waliyemfahamu kwa jina. Lakini nyuma ya pazia yupo mtu mwingine aliyekwisha kuvaa, ambaye anausikia mguno huo dakika chache kabla ya kufungua kinywa kuimba. Hebu tujiulize: huyo ametukosea nini?

Tarehe 23 Desemba 2021, katika ukumbi wa Winter Garden, tamthilia ya muziki iitwayo The Music Man ilikuwa katika maonyesho yake ya awali. Ilikuwa imeanza kupokea watazamaji siku tatu tu kabla ya hapo, na ufunguzi wake rasmi ulikuwa uje Februari 2022. Sutton Foster, aliyecheza nafasi ya Marian, mkutubi wa mji, hakuweza kupanda jukwaani kwa sababu ya UVIKO-19. Saa sita mchana Kathy Voytko akaarifiwa kwamba yeye ndiye atakayekuwa Marian usiku ule. Saa saba akaanza mazoezi yake ya kwanza kabisa katika nafasi hiyo. Tunasema ya kwanza kabisa, maana hakuwahi kuyafanya hata mara moja. Usiku akacheza.

Onyesho lilipokwisha, Hugh Jackman, nyota mwenzake, aliwatuliza watazamaji na kumtanguliza Voytko mbele yao. Akawaeleza kwamba mwigizaji huyo alipofika kazini mchana angeweza kuambiwa acheze nafasi yoyote kati ya nane, na kwamba watu wa namna yake ndio msingi ambao Broadway imesimama juu yake. Siku tano baadaye Jackman mwenyewe akakutwa na ugonjwa ule ule, na maonyesho yakasimamishwa kwa siku kadhaa.

Wapo waliosema kwamba Jackman alikuwa akifanya uungwana tu. Sisi hatukubali. Alikuwa akitoa taarifa ya kazi ambayo watazamaji hawaioni, na ni vema tuieleze kidogo, kwa sababu wengi hudhani mwigizaji wa akiba ni mtu anayekaa pembeni akisubiri mwenzake augue. La hasha. Wapo ambao kila usiku wamo katika kundi la waimbaji na wachezaji ngoma, na pamoja na kazi hiyo hujifunza nafasi ya mhusika mkuu. Wapo ambao hawamo jukwaani kabisa. Kazi yao ni kuwa karibu na ukumbi ili wapatikane mara moja. Na wapo wale ambao Waingereza na Wamarekani huwaita swingi, ambao huzishika kichwani nafasi za watu wengi wa kundi, wanawake watano, sita, hata zaidi, na kila mmoja ana njia yake jukwaani.

Neno hilo la njia lina uzito. Katika tamthilia ya muziki mtu hakariri maneno na sauti tu. Anakariri anaingilia upande gani, anamshika nani mkono, anabadilisha vazi kwa sekunde ngapi na nani anamfungia vifungo, anapisha ngazi inayosukumwa wakati gani. Kwenye ukingo wa jukwaa huandikwa tarakimu, sifuri katikati kisha moja, mbili, tatu kuelekea pande zote mbili, ili mchezaji ajue asimame wapi. Aliyezoea kusimama nne upande wa kulia anaambiwa leo asimame mbili upande wa kushoto, kwa kuwa amekuwa mtu mwingine. Akikosea hatua, si aibu tu. Anaweza kugongwa na ukuta wa mandhari unaoshushwa kutoka juu. Basi swingi hubeba daftari lenye michoro ya kila njia, na dakika za mwisho huonekana akilipitia kama mwanafunzi kabla ya mtihani. Wanakwaya wetu waliowahi kuombwa Jumapili asubuhi waimbe sauti ya tatu badala ya ya kwanza watatuelewa, ingawa wao hakuna ukuta unaowashukia.

Na wanajifunza lini? Hapa ndipo tunapokuja kwenye lalamiko letu. Kabla ya ufunguzi, karibu muda wote wa mazoezi hupewa wahusika wakuu. Mwongozaji bado anabadilisha mambo, wimbo unaondolewa, mwingine unaongezwa. Waigizaji wa akiba hukaa viti vya nyuma wakitazama na kuandika. Mazoezi yao wenyewe kwa kawaida huanza baada ya onyesho kufunguliwa, mara moja hivi kwa wiki, chini ya msimamizi wa jukwaa, mara nyingi bila maleba na bila okestra. Ndiyo maana Voytko alikuwa hajafanya zoezi hata moja. Hakuna aliyemdharau yeye binafsi. Mpango wenyewe ndivyo ulivyo, umejengwa juu ya matumaini kwamba katika wiki za mwanzo hakuna mtu atakayeugua.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa mahindi na kwa fedha, sawa. Lakini tunadiriki kusema kwamba kwa mwanadamu methali hii ina mpaka wake. Sauti isiyotumiwa hupungua, na njia isiyokanyagwa husahaulika. Mtu aliyewekwa akiba miezi mingi bila kuitwa, na bila kufanyishwa mazoezi ya kweli, huanza kuoza ndani kwa ndani, akijiuliza kama bado anajua. Tajiri wa mchezo anayemlipa akiba lakini hataki kumgharimia mazoezi anafanana na mkulima aliyejaza ghala kisha akaliacha bila paa.

Mwisho wa Desemba ile ile ya 2021, kiongozi wa umoja wa wenye majumba ya Broadway alieleza kwa nini maonyesho mengine yalikuwa yakifutwa, akagusia kwamba waigizaji wa akiba hawafikishi nafasi ile kwa ufanisi kama nyota. Wasanii wakakasirika, naye akaomba radhi. Sisi tungependa kuongeza jambo moja ambalo halikusemwa kwa nguvu ya kutosha: hata kama kauli ile ingekuwa na chembe ya ukweli, lawama si ya aliyeitwa saa sita. Ni ya aliyepanga ratiba.

Basi turudi kwenye ukumbi na mguno wake. Hadithi mashuhuri kuliko zote kuhusu jambo hili ni ile ya 42nd Street, filamu ya mwaka 1933 iliyofanywa tamthilia ya Broadway mwaka 1980. Nyota anaumia kifundo cha mguu, binti wa kundi asiyejulikana anafundishwa nafasi ile kwa haraka, anapanda jukwaani, na kufikia asubuhi yeye ndiye nyota. Hadithi hii imetokea kweli mara kadhaa. Mwaka 1954 Carol Haney aliumia kifundo cha mguu katika The Pajama Game. Binti wa kundi, Shirley MacLaine, akacheza badala yake, mtayarishaji wa filamu Hal Wallis akamwona, na mwaka uliofuata MacLaine alikuwa kwenye sinema ya Hitchcock. Catherine Zeta-Jones naye alijulikana London katika hiyo hiyo 42nd Street, miaka ya 1980, wakati mhusika mkuu na mwigizaji wa akiba wa kwanza wote wawili walipokosekana siku moja. Na huyo Sutton Foster tuliyemtaja, ambaye ugonjwa wake ulimwita Voytko, yeye mwenyewe alitokea akiba: mwaka 2000, huko La Jolla, California, alipewa nafasi kuu ya Thoroughly Modern Millie wakati kazi ya mchezo ilikuwa imekwisha kusonga, na mwaka 2002 akapata tuzo ya Tony kwa nafasi hiyo.

Hadithi tamu hizo. Lakini zinasimuliwa kwa sababu ni nadra, na zina sumu ndani yake. Zinatufundisha kwamba thamani ya usiku ule ni kile kilichofuata: mkataba, sinema, tuzo. Aliyecheza vizuri usiku mmoja kisha akarudi kwenye kundi tunamhesabu kuwa aliyekosa bahati. Lainie Kazan alikuwa akiba wa Barbra Streisand katika Funny Girl ya mwaka 1964. Alingoja muda mrefu. Siku ilipofika, aliwaarifu waandishi wa habari ili waje wamwone, akacheza maonyesho mawili ya siku moja, mchana na usiku. Kisha Streisand akarejea. Kazan alikuja kupata maisha mazuri ya uimbaji na uigizaji, lakini sisi tunavutiwa zaidi na yale maonyesho mawili. Waliokuwa ndani ya ukumbi siku ile waliiona tamthilia nzima, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Hawakuona nusu.

Au mchukueni Shoshana Bean. Tarehe 8 Januari 2005, Idina Menzel, aliyecheza nafasi ya mchawi wa kijani katika Wicked, aliangukia kwenye mlango wa sakafu ya jukwaa onyesho likielekea mwishoni, akaumia ubavu. Ilikuwa siku moja tu kabla ya kuaga kwake. Onyesho likasimama. Bean akapakwa rangi ya kijani, akavikwa, akatoka kumalizia sehemu iliyobaki. Fikirini kidogo: kupokea mchezo mahali ambapo mwenzako ameanguka, mbele ya watu waliotoka kumwona akichukuliwa, wakijua kabisa kwamba wewe siye. Hapo hapakuwa na nafasi ya kikaratasi wala ya mguno.

Kuhusu fedha tuseme kwa ufupi. Desturi ya Broadway ni kwamba nyota ambaye jina lake limeandikwa juu ya jina la mchezo asipokuwapo, mtazamaji anaweza kurudishiwa fedha yake au kubadilishiwa siku. Hiyo ni haki. Aliyeuza jina asilalamike mnunuzi akidai jina. Lakini tuangalie ni nani aliyeuza. Si mwigizaji wa akiba. Yeye hakubandika bango lolote. Anayetaka kuondoka na aondoke kwa amani, aende dirishani. Anayeamua kukaa, akae kweli, wala asikae kwa kununa saa mbili na nusu akimpima mwenzake kwa kipimo cha mtu asiyekuwapo.

Lipo pia suala la wagonjwa. Kwa kawaida maonyesho ni 8 kwa wiki, na kwa miaka mingi ilionekana kuwa ni ushujaa mwigizaji kupanda jukwaani akiwa na homa. Janga lililofunga majumba ya Broadway Machi 2020 liliuvunja ushujaa huo wa uongo, kwa sababu homa ya mmoja sasa iliweza kufunga nyumba nzima. Kila tunapomgunia aliyekuja badala, tunamwambia nyota: wewe huna ruhusa ya kuugua. Hatudhani kama watu wengi wamelitazama jambo hili kwa upande huo. Sauti nyingi nzuri zimeharibika kwa kulazimishwa.

Dawa haihitaji uvumbuzi. Katika The Phantom of the Opera, iliyodumu Broadway tangu 1988 hadi Aprili 2023, nafasi ya Christine ilikuwa na mwimbaji wa pili aliyepangiwa maonyesho yake kila wiki, kwa kuwa ilijulikana wazi kwamba koo moja halitoshi. Funny Girl iliporudishwa mwaka 2022, Julie Benko alianza kama akiba wa Beanie Feldstein. Feldstein alipoondoka mwisho wa Julai, Benko akaibeba nafasi ile kwa mwezi mzima, na Lea Michele alipoingia Septemba, Benko akapewa siku ya Alhamisi kuwa yake. Waliotaka kumwona yeye walijua siku ya kununua tiketi. Tungependa kuona kila mchezo mkubwa ukifanya hivyo: siku moja iliyotangazwa, jina kamili ndani ya kijitabu badala ya kikaratasi, na mazoezi kamili yenye maleba kabla ya ufunguzi, hata kama ufunguzi utachelewa wiki moja.

Januari 2022, Wicked iliishiwa. Nyota hakuwapo na akiba hawakutosha, kila mahali UVIKO. Wakampigia simu Carla Stickler, ambaye zamani alikuwa mmoja wa akiba wa nafasi ile ya mchawi, lakini alikuwa amekwisha kuacha jukwaa na kuwa mtaalamu wa programu za kompyuta huko Chicago. Ilikuwa imepita takriban miaka saba tangu aicheze. Akapanda ndege mpaka New York, akapakwa kijani, akaimba. Kisha akarudi Chicago, kwenye kompyuta zake.