Mnaosifu Vivuli vya Tabora, Iacheni Miembe ya Puge

Kuna unafiki mmoja unaonichefua, na mara nyingi nausikia kwa watu wenye shahada zao. Mtu katoka Dar, kashuka stesheni ya Tabora, katembea asubuhi kwenye barabara za mji wa zamani chini ya miembe, kapiga picha, kapumua. Kisha anaanza kuhubiri: mji huu una raha yake bwana, wazee walijua kupanga, siku hizi tumeshindwa. Mchana wa siku hiyohiyo anapanda gari kwenda Puge kukagua kiwanja alichouziwa na dalali, na agizo la kwanza kwa kibarua ni kuangusha mwembe uliosimama katikati. Anaita kusafisha eneo.

Puge iko katikati kabisa ya barabara ya Tabora na Nzega. Barabara hiyo ilipogawanywa ili iwekwe lami, mpaka wa vipande viwili uliwekwa hapahapa: kilomita 56 na ushei kwenda Tabora, karibu 59 kwenda Nzega. Lami imeleta inachokileta kila inapopita, fremu za maduka, gesti, bei ya ardhi isiyoshikika. Sina ugomvi na lami. Aliyewahi kusafirisha mgonjwa kwenda Ndala wakati wa mvua, enzi za tope, hawezi kuwa na ugomvi nayo. Nina ugomvi na hawa wanaotaka Puge iwe mji kwa kuifanya kwanza uwanja wa mpira.

Maana hicho kivuli cha Tabora wanachokisifu hakikuota chenyewe. Msafiri Mwingereza Burton alipofika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, Waarabu na watu wa pwani walikuwa wamekwisha kujenga matembe yao na bustani zao. Livingstone alikaa Kwihara, jirani na hapo, miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi, na anayekwenda leo kuona tembe lile anaikuta miembe. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, mwembe ulifuata msafara. Najua msafara ule ulibeba nini: pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Ndiyo sababu vituo vyake sita, Kwihara kikiwemo, vimo tangu 2006 kwenye orodha ya Tanzania ya maeneo yanayosubiri kuwa urithi wa dunia. Mti haukuchagua nani apite chini yake.

Baadaye wakaja Wajerumani na rula zao, kisha Waingereza, wakajigawia uzunguni viwanja vipana vyenye miti na kumbana Mswahili kwenye vyumba vinavyogusana. Hapo ndipo ilipozaliwa hii dhana ya kijinga kwamba mtaa wenye miti ni mambo ya kizungu na ya wenye pesa. Hivi mnadhani jembe na ndoo za maji za kupandia miti hiyo alishika mkuu wa wilaya mwenyewe?

Tena huku Unyamwezini hatuhitaji kwenda bomani kutafuta ushahidi. Toka Puge uingie ndani kidogo, utakuta miembe mitano au sita imesimama porini haina nyumba wala mwenyewe. Hayo ni mahame. Watu waliishi hapo, wakapanda, wakazungushia minyaa, kisha Operesheni Vijiji ya 1974 ikawahamisha na kuwapanga kwenye mistari kando ya barabara. Nyumba za udongo zimerudi udongoni zamani, miembe bado inazaa embe za kienyeji, zile zenye nyuzi za kukuganda menoni siku nzima. Yaani mkulima aliyepanda bila mshauri wala mfadhili alijua kwamba makazi huanza na kivuli. Sisi wenye ramani za kompyuta hatujui.

Na tuseme wazi kwa nini ni mwembe, si mti wowote. Miti mingi ya miombo hupukutisha majani kiangazi. Mwembe hubaki na majani yake Septemba na Oktoba, wakati jua la Tabora linapounguza na mvua iko mbali. Hunyonya maji ya chini kabisa na kuyatoa hewani kupitia majani, ndiyo maana ubaridi wa chini yake si sawa na ubaridi wa chini ya turubai. Sasa bwana wetu wa Dar akishaung'oa, anaezeka bati jembamba, anamwaga pevingi ukuta hadi ukuta, kisha anapanda miashoki sita mbele ya geti. Mwashoki! Mti mwembamba kama mlingoti, kivuli chake hakimtoshi kuku. Baada ya hapo analalamika kwamba Puge kuna joto na ananunua feni tatu.

Wengine hawathubutu kukata mchana, wanaua kwa siri. Nimeona inavyofanyika. Takataka zinarundikwa shinani kila jioni na kuchomwa. Gome linageuka jeusi upande mmoja, linapasuka, linabanduka. Panga linapita kuzunguka shina, mkato wa upana wa viganja viwili. Oili chafu ya pikipiki inamwagwa mizizini. Miezi michache majani ya juu yananyauka, na hapo ndipo mwenye kiwanja anapokwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na sura ya huzuni: mti umekauka wenyewe, utaangukia watoto. Kibali kinatoka, chenso inaletwa, magogo yanakwenda kuchoma tofali. Fundi baiskeli aliyekuwa na kituo chake pale, kioo cha kinyozi kilichokuwa kimetundikwa msumarini, akina mama wa vitumbua, wote wanahamia juani, na hakuna anayewahesabu.

Hakuna anayewahesabu kwa sababu hata serikali haikihesabu kivuli. Mthamini akija kulipa fidia, mwembe wako anauandika kama zao, kwa thamani ya matunda. Ubaridi wa miaka 60, uwanja wa mikutano, ukumbi wa bao na wa msiba, hivyo vyote ni sifuri kwenye fomu. Na mti uliomo ndani ya hifadhi ya barabara, zile mita 30 kila upande zilizowekwa na Sheria ya Barabara ya 2007, ndio yatima kabisa. Mwanakijiji anaogopa kuutunza kwa kuwa eneo si lake, na mwenye eneo anaukumbuka siku ya kuukata.

Halafu tunaambiwa kuna kampeni. Kila halmashauri ipande miche milioni 1.5 kwa mwaka, na Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili 1. Aprili! Kwa Nzega na Tabora mvua inaanza Novemba na Aprili inafunga mizigo. Mche unaochomekwa Aprili 1 mbele ya mgeni rasmi unakabidhiwa kiangazi cha miezi sita, mbuzi wa jirani, na moto wa Agosti. Mikoa yenye masika ya Aprili na Mei ina haki ya kushangilia tarehe hiyo. Huku kwetu ni kuzika mche ukiwa hai. Tungeacha kukata mwembe mmoja tu mzima uliopo, tungepata kivuli leo, bila hotuba.

Najua majibu yenu. Miembe inaleta nyoka, popo, mbu, matawi yanaangukia bati, watoto wanarusha mawe na kuvunja vioo. Kweli, tawi bovu lipogolewe, na mtoto afundishwe. Lakini mbona hoja hizo mnazisahau mkienda kupanga nyumba Oysterbay, au kwa jamaa zenu Nairobi wanaosifu Muthaiga? Huko mnalipa zaidi kwa sababu ya miti ileile. Nairobi yenyewe iwe onyo: mwaka 2020 mti mmoja wa mugumo kando ya barabara ya Waiyaki Way uliokolewa kwa amri ya rais, magazeti yakaimba, huku Kileleshwa na Kilimani nyumba za zamani zikibomolewa pamoja na bustani zake ili maghorofa yapande. Mti mmoja unapohitaji rais, ujue mipango imeshakufa.

Puge haijafika huko. Bado viwanja vingi ni mashamba, bado bikoni hazijazama. Kwa hiyo nadai kitu kidogo sana kwa diwani, mtendaji wa kata na mpima ardhi: kabla ya bikoni ya kwanza, kila mwembe mkubwa uwekwe kwenye mchoro, na mpaka wa kiwanja au barabara ya mtaa upindishwe kuufuata. Atakayeukata au kuuchoma alipe, na alipe kama aliyebomoa nyumba. Upandaji wa Puge uwe wiki za kwanza za mvua, Novemba au Desemba, awepo mgeni rasmi asiwepo. Kama kuchora duara moja la mwembe kwenye karatasi ni kazi ngumu kwa ofisi hizo, basi Aprili ijayo zisituite tena kushika miche mbele ya kamera.