Ujira wa Rubani Mchanga

Wahenga walinena kuwa rahisi ni ghali. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mnunuzi wa bidhaa hafifu. Mimi ninaielekeza kwa mashirika ya ndege yanayompa rubani anayeanza kazi mshahara wa kijungujiko.

Tutazame yaliyotukia Marekani. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air iliyotoka Newark ilianguka karibu na Buffalo. Watu 49 waliokuwamo waliangamia, pamoja na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Katika uchunguzi, ilielezwa kuwa rubani msaidizi alilipwa takriban dola 16,000 kwa mwaka. Aliishi na wazazi wake karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi, na alikuwa amesafiri usiku kucha ili afike kazini Newark. Nahodha naye alikuwa ameupitisha usiku wa kuamkia siku hiyo katika chumba cha wafanyakazi uwanjani.

Yupo atakayepinga kwamba mshahara haushiki usukani. Ni kweli kuwa ripoti ya mwaka 2010 ililaumu kosa la nahodha: ndege ilipotoa tahadhari kuwa mwendo umepungua, aliuvuta usukani badala ya kuusukuma. Hata hivyo, ripoti iyo hiyo ilikiri kuwa yamkini uchovu uliathiri utendaji wa marubani wote wawili, ingawa kiasi chake hakikubainika. Naam, mshahara haurushi ndege, lakini huamua rubani atalala wapi kabla ya kuirusha. Atamudu vipi kodi ya nyumba au chumba cha hoteli yule ambaye ujira wake haumtoshi chakula?

Sheria iliyopitishwa mwaka 2010 ilileta kanuni mpya za mapumziko na sharti la saa 1,500 za urubani. Mishahara haikuguswa. Ujira wa wanaoanza ulipanda mno mwaka 2022, marubani walipoadimika. Uhaba ulitenda yale ambayo makaburi 50 yalishindwa kuyatenda!

Msomaji mpendwa, nasi tunajiandaa kuingia kazini, na tutaambiwa kuwa mwanagenzi hana budi kuridhika na makombo. Tukumbuke kwamba abiria hawabebwi nusu kwa sababu rubani ni mchanga. Anayekabidhiwa dhamana kamili anastahili, tangu siku ya kwanza, ujira wa kumwezesha kuitekeleza.