Upepo wa Bomba na Mteremko wa Soni

Kijana mmoja jirani yangu hapa Lushoto, fundi wa mikono myepesi na akili ya kudadisi, alizing'oa taa za ukungu katika bampa la gari lake dogo la Toyota, akatia katika matundu yaliyobaki mabomba mawili laini ya plastiki yenye unene wa mkono wa mtoto, akayapitisha ndani ya tao la gurudumu hadi nyuma ya diski za mbele, akayafunga kwa waya na vibano, kisha akaniita niitazame kazi yake. "Shikamoo mzee," akasema, "hewa ya mlima ni ya bure; nimeona niipeleke kwenye breki." Niliisifu kazi, kwa kuwa ilistahiki sifa, lakini dhana iliyoizaa sikuikubali, na kwa kuwa dhana yenyewe si ya kijana huyu peke yake, naomba ruhusa ya kuijadili hadharani.

Hofu yake ya breki kupata moto si ya bure. Kutoka Lushoto hadi Mombo, kupitia Soni, ni kilomita 33 hivi, na katika masafa hayo barabara, iliyopindapinda baina ya genge na korongo, hushuka karibu mita 1,000. Nguvu ya uzito wa gari la kilo 1,500 literemkalo kimo hicho, lau ingegeuzwa yote kuwa harara, ingetosha kuchemsha maji baridi ya ndoo mbili za lita 20. Na ya lori la tani 10 ingechemsha pipa la lita 200 na karibu nusu ya pipa la pili. Sehemu ya nguvu hiyo huliwa na matairi, sehemu na upepo, sehemu na injini ikiwa dereva ameiruhusu. Baki yote ni fungu la breki. Tena biashara yetu imegeuka mlima juu chini: malori hupanda yakiwa matupu, au karibu na matupu, na kushuka yamesheheni kabichi, karoti na viazi vya kwenda Tanga na Dar es Salaam, hata uzito ukawa mkubwa palepale ambapo ungetakiwa uwe mdogo. Mkazi wa Mombo huijua harufu ya laining iliyoungua kama mvuvi anavyoijua harufu ya ng'onda.

Ama bomba la upepo, asili yake ni mashindano. Wazee wenzangu waliosimama kando ya njia kuyatazama magari ya Safari, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, watakumbuka jinsi gari lilivyokuja kwa vishindo, likakamatwa breki ghafla penye kona, likatimka tena. Gari la namna hiyo hukanyagwa breki kwa sekunde chache, kisha hupata nafasi ya kukimbia. Na ile kasi iliyoleta harara ndiyo iletayo upepo wa kuipoza. Sisi tushukao Soni tuna shida ya jinsi nyingine kabisa. Mwenye busara hapiti kilomita 30 au 40 kwa saa, na mguu wake, asipojihadhari, huiegemea pedali kona baada ya kona kwa muda unaokaribia saa nzima, ilhali mdomo wa bomba, kwa mwendo huo wa pole, haupokei upepo wenye maana. Upepo utapatikana chini, gari likishika barabara kuu kuelekea Korogwe, penye tambarare, ambapo breki hazina tena harara ya kupozwa.

Hasara zake nazitaja kwa ufupi. Diski yenye uwazi ndani huvuta hewa katikati na kuitupa ukingoni kwa mzunguko wake yenyewe, na bomba linalopuliza uso mmoja tu hupoza upande mmoja na kuuacha wa pili ukiwaka. Usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi huisaga plastiki. Masika humwaga tope humo. Na breki za nyuma, ambazo katika magari mengi yetu ni za ngoma, hazifaidiki hata kidogo.

Lililo la hatari zaidi halionekani kwa macho. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na yale ya daraja la DOT 3, ambayo yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205, yakizeeka kwa unyevu huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Mafuta hayabanwi, mvuke hubanwa. Yakichemka, pedali huzama hadi sakafuni na gari haliitiki. Kijana wetu, alipoulizwa aliyabadili lini, akacheka.

Kisha kuna gia, na hapa nina lawama. Magari mengi tuyanunuayo yakiwa yametumika Japani ni ya otomatiki, na kwenye wenzo wake, chini ya herufi D, imeandikwa 2 na L, alama ambazo wenye magari wengi huziacha kana kwamba ni nakshi. Muradi wake ni mteremko: injini huushika mzigo, na breki hupumzika. Wengine hutupa frii kwa kudhani wanaokoa petroli, ilhali injini za kisasa, gari likishuka katika gia na mguu ukiwa mbali na pedali ya mafuta, hukata petroli zenyewe, na katika frii hulazimika kuinywa ili zisizimike. Anayezima injini kabisa hujinyima, baada ya kukanyaga mara chache, hata ule msaada unaoifanya breki kuwa nyepesi. Sijui jina la ubahili wa namna hii.

Wenye mamlaka nao ningependa waukague uzima wa breki za malori juu, kabla ya safari, mzigo ukiwa umekwisha kufungwa, na Soni, karibu nusu ya njia, pawe na uwanja mpana wa kupumzikia.

Kijana alinisikiliza kwa adabu. Juma lililofuata aliyabadili mafuta, na sasa hushuka kwa L hadi abiria wake wananung'unikia kelele za injini. Mabomba ameyaacha yalipo, kwa kuwa, asema, yanampendeza; nami sina hoja dhidi ya mapambo, maadamu ameyasogeza yasiguse tairi.