Mtoto Akikataa Titi Moja

Wapendwa akina mama, na ninyi akina baba msigeuze ukurasa, kwani jambo hili linawahusu pia. Katika kliniki zetu za mama na mtoto, huku kandokando ya ziwa, huletwa kila mara mtoto anayenyonya vizuri titi la kushoto, lakini akigeuziwa la kulia hulia na kujinyonganyonga. Mara nyingi mama amekwisha kuambiwa nyumbani kwamba maziwa ya upande huo yameharibika. Wengine wameambiwa mtoto amebemendwa, na nyumba nzima haina amani. Sisi tunasema wazi: maziwa hayaozi ndani ya titi, wala tendo la mume na mke haliyachafui. Bibi zetu tunawaheshimu, na mengi waliyotufundisha juu ya uzazi ni mazuri, lakini neno hili limewaachisha watoto kunyonya kabla ya wakati.

Sababu zenyewe kwa kawaida ni ndogo. Bega lililochomwa sindano ya chanjo linauma, na mtoto akilazwa upande huo analia. Pengine sikio linauma, au pua imeziba, au mdomoni kuna utando mweupe. Kwa mtoto mchanga tunapapasa mfupa wa bega na kutazama shingo, kwani huweza kuumia wakati wa kuzaliwa. Kwa upande wa mama, chuchu moja inaweza kuwa fupi, au titi limejaa likawa gumu mtoto asiweze kulishika. Titi lenye uambukizo hutoa maziwa yenye ladha ya chumvi, na mtoto huitambua mara moja. Hata mafuta ya kuchua yaliyopakwa kifuani yanaweza kumfukuza.

Wakati sababu inatafutwa, mama asiliache titi hilo. Hapa ndipo madhara yanapoingia. Mama anayeanika dagaa mwaloni tangu alfajiri husema, “linyamaze tu”, na baada ya siku chache anakuja na homa na jipu la kupasuliwa. Akamue kwa mkono, mikono ikiwa imenawiwa kwa sabuni, kila baada ya saa 2 au 3, na mtoto apewe maziwa hayo kwa kikombe safi. Chupa ya chuchu hatuipendi. Ni ngumu kuisafisha, na humzoesha mtoto unyonyaji mwingine.

Kisha amrudishe taratibu. Aanze na titi analolipenda, halafu amsogeze kwenye lile jingine bila kumgeuza, miguu yake ikipita chini ya kwapa la mama. Ajaribu akiwa anasinzia, mahali penye utulivu. Asimshindilie kichwa.

Na akikataa kabisa? Titi moja linaweza kumtosha. Mwaka 1977 madaktari waliandika juu ya wanawake wa jamii ya wavuvi wa Hong Kong, ambao kwa desturi walinyonyesha titi la kulia tu, kwa sababu nguo zao zilifunguka upande huo. Watoto wao walikua. Mtoto akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na mstari kwenye kadi ukipanda, hakuna haja ya uji wala maziwa ya kopo kabla ya miezi 6. Titi moja kubaki dogo kuliko jingine ni jambo la kawaida, hata majirani wakicheka. Baba naye akichota ndoo mbili za maji, mama anapata nafasi ya kukaa na mtoto.

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI aendelee na dawa zake kila siku. Lakini titi likiwa na jipu, au chuchu ikitoka damu, asimnyonyeshe upande huo mpaka aonwe na mhudumu. Akamue, na mtoto atumie upande ulio mzima.

Uvimbe usioondoka hata titi likikamuliwa, ngozi iliyonywea, au damu kwenye chuchu, visisubiri miti shamba. Ni mara chache sana huwa ni saratani, lakini daktari ndiye wa kusema.

Mtoto anayekataa matiti yote mawili ni habari nyingine kabisa. Huyo, hasa kama ana homa, amelegea au anapumua kwa haraka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na mama aendelee kukamua njiani.