Duka la Muislamu na Pipa la Pombe

 

Ndugu Waislamu, pombe ya kienyeji haianzii kilabuni. Huanzia dukani, kwa kimea, hamira na sukari. Na mara nyingi mwenye duka ni ndugu yetu aliyetoka kuswali Alasiri. Dukani mwake hamna hata chupa moja ya kileo, naye moyo wake umetulia. Je, utulivu huo una msingi?

Tukiri kwanza kwamba bidhaa hizo ni halali. Kimea cha ulezi hutengenezea togwa, na hamira huumua mikate. Hamira hiyo hiyo ikiachwa ndani ya pipa hula sukari na kuigeuza kileo. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (SAW) alikuwa akirowekewa zabibu kavu, akanywa maji yake kwa muda usiozidi siku tatu, kisha akayaacha. Kitu ni kile kile. Hukumu hubadilika kinapolevya.

Mtihani umo katika kumjua mnunuzi. Anayechukua nusu kilo ya kimea, hatuna haki ya kumpeleleza. Sura ya 49, aya ya 12, imekataza dhana mbaya na upelelezi. Lakini yuko anayebeba mfuko mzima wa sukari na hamira kila wiki, na mtaa wote unajua kwamba anapika gongo, kinywaji kilichopigwa marufuku Tanzania kwa sheria ya mwaka 1966. Kwa huyo hatuwezi kusema hatujui.

Imam Nawawi, katika Minhaj, ameutaja uuzaji wa tende mbivu na zabibu kwa mkamuaji wa mvinyo miongoni mwa biashara zilizokatazwa. Sura ya 5, aya ya 2, imetukataza kusaidiana katika dhambi. Na katika Hadithi ya Anas aliyoipokea Tirmidhi, laana ya pombe imewafikia watu kumi, akiwemo mwenye kuibeba na mwenye kula thamani yake, si mnywaji peke yake.

Wapo watakaosema: “Nisipomuuzia mimi, atamuuzia jirani, na ada ya watoto nitaitoa wapi?” Hatuidharau hofu hiyo. Lakini dhambi ya jirani haihalalishi yetu, na ada iliyopatikana kwa njia hiyo humlisha mtoto jambo ambalo madrasa inamfundisha kuliepuka.

Wala tusimfukuze mpikaji kwa matusi. Mara nyingi ni mama anayelea mayatima. Sukari na hamira zile zile zaweza kuwa maandazi ya asubuhi. Mwenye duka amkopeshe unga bila riba, nasi majirani tuwe wateja wake wa kwanza. Kumnyima sukari bila kumpa njia nyingine ni nusu ya wajibu.