Mrithi wa Ufagio

Kila asubuhi, ukungu haujatoka Uluguru, mdogo wangu huingia kiwandani Kihonda kumshikia spana fundi kutoka ng'ambo. Mashine ikigoma, huambiwa atoke nje. Ikishatengemaa, huitwa kufagia.

Juzi aliitwa ofisini kusaini karatasi ya kibali cha fundi yule. Akakuta jina lake. Kumbe siku zote hizo yeye ndiye mrithi wa ujuzi!

Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi ile. Mpango upo, na muhuri upo. Ujuzi ndio haupo.

Waheshimiwa wabunge, sheria hii ikirudi Dodoma, msikimbilie kupandisha ada. Ongezeni sharti moja: kibali kisihuishwe mpaka Ofisa Kazi afike kiwandani, mrithi aifungue mashine mbele yake na kuirudisha ikazunguka, mgeni akiwa pembeni.

Na wanaotaka wageni wafukuzwe leo, wafikiri tena. Fundi ataondoka na ujuzi wake. Mdogo wangu atabaki na ufagio.