Anubis Anafanya Nini Kwenye Saa?

Mpwa wangu amerudi Kibiti na saa ya mkono isiyotumia betri. Ni ya kutia ufunguo, kama zile za babu zetu. Ukiipindua, nyuma ina kioo: unaona springi inavyopumua na magurudumu ya meno yanavyosukumana. Hapo nilimpa heko. Nikaigeuza mbele. Ra kakaa juu kabisa penye 12, Anubis na kichwa chake cha mbweha kasimama kulia, na katikati yupo dundu, yule anayeviringisha mavi, kapewa mbawa za buluu.

"Mjomba, hii ndiyo Afrika yetu," akaniambia. Kisha akanikabidhi hadithi yake, kurasa thelathini. Humo Anubis anazurura Nyamisati akipima mioyo ya wavuvi.

Basi naanza na saa. Futa hiyo miungu yote, uache uso mweupe. Itapoteza sekunde ngapi? Hata moja. Springi haimjui Anubis.

Na aliyeichora hakumsikiliza hata huyo Ra mwenyewe. Wamisri wa kale waligawa mchana saa 12 na usiku saa 12. Usiku Ra alipanda mashua akavuka kuzimu, saa moja baada ya nyingine, nyoka Apep akimvizia, hadi alfajiri anazaliwa upya kama dundu. Safari hiyo imechorwa ukutani katika kaburi la Thutmose wa Tatu. Saa za mchana zilihesabiwa tangu jua kuchomoza. Sasa jua likichomoza huku kwetu, akrabu fupi ya saa ya mpwa wangu iko kwenye 6, mkabala na Ra, na sisi tunasoma saa kumi na mbili. Mama wa Salale anayesema "tuonane saa moja asubuhi" yuko karibu na Ra kuliko fundi aliyemchora. Sisemi tulirithi kwa Firauni. Nasema hesabu tunayo mdomoni, tunakwenda kununua picha. (Na akrabu, kwa Kiarabu, ni nge. Saa ilikuwa na mdudu wake zamani.)

Najua nitajibiwa: Misri ni Afrika, kwa hiyo ni yetu. Haya. Mwaka 1999 Felix Chami alichapisha habari za shanga za Kirumi zilizochimbuliwa Mkukutu, hapahapa Kibiti. Kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, kilichoandikwa kwa Kigiriki na mtu aliyezijua vizuri bandari za Misri, kinaitaja Rhapta, soko la mwisho la pwani hii, na Chami anaitafuta pande hizi za Rufiji. Walichukua pembe za ndovu, wakaleta vyuma na vioo. Kumbe kuuziwa mapambo tumeanza kitambo!

Halafu jamani, mtu wa Rufiji anakwenda Misri kutafuta nyoka na maji? Ngarambe iko wapi? Inasimuliwa kwamba mwaka 1904 Kinjikitile alichukuliwa na Hongo, pepo wa majini mwenye umbo la nyoka, akazama, akaibuka kesho yake nguo zikiwa kavu. Ebrahim Hussein akaandika *Kinjeketile*, ikatoka 1969. Hebu yatoe yale maji kwenye tamthilia ile. Umoja wa makabila unakufa, shaka ya Kinjeketile inakufa, hata wale wanaokwenda kufia bunduki hawana sababu ya kwenda. Maji yale ndiyo springi yenyewe.

Nikafanya hivyohivyo kwa hadithi ya mpwa wangu. Nilichukua kalamu nyekundu nikamfuta Anubis kila alipotokea. Hakuna kilichoanguka. Zikabaki kurasa nne ambazo hakupita kabisa: nahodha kakaa juu ya chombo kilicholalia tope, abiria wa Mafia wanamfokea, mmoja anamwonyesha saa, naye haitazami. Anatazama mizizi ya mikoko, pale alama ya maji ilipofika jana, maana bamvua imepita na maji yanachelewa kila siku karibu saa nzima. Mle ndani ya abiria kuna mjamzito.

Nimemrudishia kurasa hizo nne. Hajanijibu bado, na ile saa nasikia anaivaa.